Nilivyopanga upya picha za zamani za maonyesho ya utumwa hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda

Mwalimu mmoja wa historia aliniomba nimsaidie na picha za ukutani kabla hajawapeleka wanafunzi Patiko, ile ngome ya mawe ambako wafanyabiashara wa Khartoum walikuwa wanakusanya watu, mpaka Samuel Baker alipoichukua 1872 kwa niaba ya mtawala wa Misri. Picha zilishaprintiwa toka intaneti na chini ya kila moja pameandikwa WATUMWA.

Mi nilianza na tarehe. Nyingi ni za Richard Buchta, Mwaustria aliyepita huku na kusini mwa Sudan kati ya 1878 na 1880, Baker alishaondoka 1873. Buchta alikuwa anapiga watu picha ili Wazungu kwao waone makabila, nywele, shanga, silaha. Sasa mtu kasimama na mkuki wake we unamwita mtumwa kwa ushahidi gani, kwa vile hana shati? Iliniuma kweli, maana hao ni babu zetu.

Basi nikaingia tovuti ya makumbusho ya Pitt Rivers kule Oxford, wana picha zake na maelezo ya mpigaji na mwaka, nikaandika upya moja moja: "Mwanamume Mwacholi (kabila la huku kwetu). Jina lake halikuandikwa. Alipigwa picha na Buchta, 1878-80." Hapo pa jina sikukubali pafutwe, mwanafunzi lazima aone kwamba aliyeshika kamera tunamjua na aliyepigwa hatumjui. Za wasichana walio uchi nilizitoa.

Ile ya meli ya kivita ya Waingereza, HMS Daphne, ya 1868 niliibakiza, wale kweli walitekwa wakaokolewa kwenye majahazi Bahari ya Hindi, ila nikaeleza kwamba ilipigwa na upande wa Waingereza waliokuwa wanapinga biashara hiyo, na nikaihamishia ukuta mwingine kabisa na ramani yake, maana watu wetu walipelekwa kaskazini kwa njia ya Nile, hawakupitia Zanzibar, na watoto wanachanganya sana hizo njia.

Mwalimu alitaka picha ya minyororo mlangoni. "Ndugu yangu, bila minyororo wataelewaje?" Nikamwambia mwalimu, Patiko yenyewe iko hapo jirani, weka picha ya miamba ile na handaki la ngome, halafu mzee wa pale awasimulie. Akakubali, japo ya minyororo bado kaiweka kwenye droo.