Siku moja na jeki inayochelewa

Saa 1:00 asubuhi. Nawasha pampu ya haidroliki kabla sijavua koti. Huku Marekani Januari ni kali, na mafuta yakiwa baridi jeki huitikia kivingine.

Hapa maabara tunalitikisa, kama linavyotikiswa na tetemeko la ardhi, jengo la ghorofa tatu ambalo halijajengwa. Sakafuni imefungwa fremu ya chuma ya ghorofa ya chini tu. Zilizobaki zimo kwenye kompyuta. Kompyuta inapiga hesabu fremu isogee kiasi gani, jeki inaisukuma, kihisi kinarudisha nguvu iliyopimwa, hesabu inaendelea. Mara 1,024 kila sekunde.

Saa 3:00. Jana tulibadilisha nguzo, tukaweka ngumu zaidi. Najaribu kwa rekodi ya tetemeko la El Centro, California, la 1940, nikiwa nimeipunguza hadi asilimia 40. Sekunde chache tu, jeki inaanza kunguruma na mtikisiko unakua wenyewe. Kikomo cha usalama kinakata mafuta. Moyo unanienda mbio.

Kosa ni kuchelewa. Jeki hufika pale ilipoagizwa milisekunde kadhaa baadaye, kwa hiyo nguvu inayorudi ni ya mahali jengo lilipokuwa. Nishati inaingia pale ilipopaswa kutoka. Chukua jengo linalopepesuka mara moja kwa sekunde, ambalo uwezo wake wa kuzima mtikisiko ni asilimia 2 tu ya ule ambao ungelituliza bila kupepesuka hata mara moja: ikiwa ugumu wake wote uko kwenye sehemu ya chuma inayosukumwa na jeki, si kwenye kompyuta, kuchelewa kwa milisekunde 6 na nusu kunatosha kulivuruga. Fidia niliyokuwa nayo, yaani hesabu ya kufuta kuchelewa huko, iliijua fremu ya juzi tu.

Saa 5:00 hadi saa 9:00, sijala. Napima jeki upya: mafuta baridi, mafuta moto, nguzo laini, nguzo ngumu. Mistari ya vipimo kwenye grafu haifanani, nami sichagui ulio mzuri. Nachora ukanda unaoikumbatia yote, kisha natafuta kidhibiti, yaani kanuni ya kuiamrisha jeki, cha aina iitwayo H-infiniti, kitakachotulia hata katika hali mbaya kuliko zote ndani ya ukanda huo. Ndio udhibiti stahimilivu. Gharama yake naijua: kwenye fremu ya juzi kitafuata amri kwa usahihi pungufu kidogo. Nakubali. Fremu ikianza kulegea katikati ya tetemeko, hakuna nafasi ya kurekebisha hesabu.

Saa 11:00 jioni. El Centro tena, asilimia 40. Mstari wa amri na wa jeki inalaliana. Napandisha hadi 60. Jeki haingurumi.

Nazima pampu, nakaza boliti za nguzo moja baada ya nyingine.