Gobore lililomuua Chung Ling Soo

Chung Ling Soo, mwanamazingaombwe maarufu, hakuwa Mchina. Alikuwa Mmarekani, William Ellsworth Robinson, mzaliwa wa jimbo la New York mwaka 1861. Kwa miaka mingi alifanya kazi nyuma ya pazia, akiwatengenezea vifaa Harry Kellar na Alexander Herrmann, vigogo wa mazingaombwe wa zama zile. Mwaka 1900 alivuka kwenda Ulaya, akajipaka rangi, akajivika hariri na msuko wa nywele kisogoni, akamuiga Ching Ling Foo, mwanamazingaombwe Mchina wa kweli. Jukwaani hakusema Kiingereza, na waandishi wa habari aliongea nao kupitia mkalimani. Mkewe, Dot, naye akawa Suee Seen.

Mchezo wake uliovuma ni kudaka risasi. Watazamaji wanatia alama risasi mbili, kisha magobore mawili yanashindiliwa baruti na risasi mbele ya macho yao. Wanachokosa kuona ni kwamba risasi zenye alama zimeshabadilishwa na kumfikia Soo kwa siri. Zilizo ndani ya mitutu ni nyingine. Bunduki zinalia, naye anaonyesha zile zenye alama kwenye sahani.

Ujanja mkubwa uko kwenye chuma. Chini ya mtutu wa gobore pana bomba la kuhifadhia mdeki, yaani fimbo ya kushindilia. Robinson aliligeuza bomba hilo kuwa mtutu wa pili, lenye baruti tupu. Njia ya moto kutoka kwenye fataki, kile kilipuzi kidogo kinachogongwa na nyundo ya bunduki, kwenda mtutu mkuu ilizibwa, moto ukaelekezwa chini. Mlio na moshi ni vya kweli. Risasi inabaki palepale. Ndiyo maana mdeki haukurudishwa mahali pake baada ya kushindilia.

Sasa risasi iliyobaki inatolewaje? Ama unaifyatua mahali salama, ama unaivuta kwa mdeki wenye skrubu. Robinson hakutaka kupoteza baruti na risasi, hivyo baada ya onyesho alifungua kitako cha mtutu, yaani skrubu inayoziba mwisho wake wa nyuma, na kuzitolea huko. Kila ukifungua na kufunga, nyuzi za skrubu zinalika na chembe za baruti zinajipenyeza kwenye nafasi. Hatimaye palijitengeneza njia nyembamba ambayo moto ungeweza kupita. Kwa fundi wa kiwango chake, ubahili huo ni wa kushangaza.

Tarehe 23 Machi 1918, katika ukumbi wa Wood Green Empire, London, moto ulipita. Baruti ya mtutu mkuu iliwaka na risasi ikamwingia kifuani. Akasema kwa Kiingereza kwamba kuna jambo limetokea, pazia lishushwe. Alifariki siku iliyofuata.

Uvumi wa kuuawa au kujiua ulienea, lakini mimi siuoni una mashiko. Mtaalamu wa silaha aliyeikagua bunduki alieleza hitilafu hiyo, na uchunguzi wa kifo ukaamua kuwa ni ajali.