Kumbukumbu ya mradi: sabuni ya kunyolea inayokubali maji ya kisima

Machi, mvua bado

Mradi umehama. Nilipoanza kuandika kumbukumbu hizi nilikuwa nimejaa mambo ya vinyoleo: kipi kizito, kipi kinashika wembe sawasawa, kipi kina mpini mrefu. Hayo yamekwisha. Nina kinyoleo kimoja cha vipande vitatu, unazungusha mpini, unafungua, unalaza wembe, unafunga, unanyoa. Hakinidai kitu. Kinachonisumbua sasa ni povu.

Huku kwetu Kigamboni tunatumia maji ya kisima, na kisima chetu kina chumvi ya kutosha kuharibu chai. Sabuni ya kunyolea niliyoagiza ikipigwa brashi kwa dada yangu Ubungo inatoa povu zito, linalolala usoni na kukaa. Nikirudi nayo nyumbani inatoa utando mweupe unaong'ang'ania pembeni mwa bakuli, na povu jepesi linalokufa kabla sijamaliza shavu moja. Sabuni ileile, brashi ileile, mkono uleule. Tofauti ni kwamba dada anafungulia bomba la maji ya mto Ruvu, mimi nateka.

Sababu yake haina uchawi. Sehemu kubwa ya pwani hii imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji yakipita humo yanabeba kalsiamu. Sabuni ikikutana na kalsiamu au magnesiamu inaungana nayo na kuwa kitu kisichoyeyuka; huo ndio utando. Juu ya hapo kuna chumvi ya kawaida, ambayo nayo inaisukuma sabuni itoke kwenye maji. Viwandani wanaitumia makusudi: wanamwaga chumvi kwenye sufuria kubwa ili sabuni ijitenge na kuelea. Kwangu mimi kazi hiyo inafanyika bakulini, bure, kila asubuhi.

Wenzangu kazini wananiambia ninunue povu la kopo niache kujitesa. Sina ugomvi na kopo. Ila ndevu zinalainika kwa maji, na zikilowa vizuri kwa dakika mbili tatu zinakatika kwa nguvu ndogo zaidi. Brashi inasukuma maji hadi kwenye shina la unywele. Povu la kopo linakaa juu juu tu.

Kwa wasomaji wapya, nieleze kwa nini mtu mzima anahangaika hivi. Ni vipele. Ndevu zetu nyingi zimejikunja, na unywele uliojikunja ukikatwa chini sana unafanya moja kati ya mawili: ama unatoka, unapinda, na ncha yake inachoma ngozi ya jirani, ama unaanza kukua ukiwa bado ndani na kutoboa ukuta wa tundu lake wenyewe. Mwili unaona mgeni ameingia, unavimba. Ndiyo zile nundu za shingoni ambazo tumezoea kuzipaka spiriti na kuzisingizia mashine ya kinyozi.

Vinyoleo vya wembe zaidi ya mmoja vinaongeza tatizo. Gillette walitoa Trac II yenye nyembe mbili mwaka 1971, na tangu hapo idadi imepanda hadi tano na zaidi. Hoja yao ni kwamba wembe wa kwanza unavuta unywele na unaofuata unaukata kabla haujarudi ndani, hivyo unabaki chini ya uso wa ngozi. Kwa mwenye ndevu zilizonyooka huo ni ulaini wa kujivunia. Kwangu ni wiki nzima ya kujikuna. Wembe mmoja unakata usawa wa ngozi na kuishia hapo, mradi ufuate mlalo wa ndevu, usivute ngozi, na usipite mara ya pili kwa kupinga. Hapo ndipo King C. Gillette alipoanzia, na hataza yake ya mwaka 1904: wembe mwembamba wa kubadilisha. Duka la Mangi yeyote unaupata, hata mmoja mmoja, kwa sababu fundi cherehani naye anautaka wa kufumulia.

Ila wembe mmoja hautaki povu la kubahatisha. Ndiyo maana nimerudi kwenye maji.

Aprili, masika

Mvua zimeanza, nimekinga maji ya bati. Nimechukua chupa tupu za maji za nusu lita, nikajaza kila moja hadi katikati kwa maji tofauti, nikatia vipande sawa vya sabuni vilivyokwanguliwa kwa kisu, nikatikisa.

Maji ya mvua: povu limejaa hadi shingoni, chini maji yameangaza. Maji ya AC, yale yanayodondoka nyuma ya jengo tunalofanyia kazi Posta na ambayo mlinzi anayakinga kwa ajili ya pasi yake: sawa na mvua, pengine yamezidi kidogo, maana ni mvuke wa hewani uliogeuka maji. Maji ya Ruvu: povu zuri, ukungu kidogo chini. Maji ya kisima yaliyochemshwa: povu la wastani, na halikai. Maji ya kisima mabichi: hakuna povu la kuzungumzia, vipande vyeupe vinaelea, na ukigeuza chupa vinateleza taratibu kwenye plastiki na kuacha alama ya mafuta.

Kuchemsha kunasaidia nusu kwa sababu kunaondoa ile chokaa inayoganda kwenye birika. Chumvi yenyewe haiondoki kwa moto, na maji yakipungua ndiyo kwanza inakolea.

Basi jibu rahisi lilikuwa ninyolee maji ya mvua, na masika yakiisha nibebe ya AC, niyachemshe, nitumie. Mama Nasra aliposikia akauliza, "Baba Nasra, utavuka pantoni na dumu kwa ajili ya ndevu?" Swali halali. Nimeamua kubadilisha sabuni, siyo maji.

Mei

Nimepika sabuni ya kwanza. Kwenye maduka ya malighafi za sabuni Kariakoo, wanakonunua akina mama wa vikundi vya sabuni ya maji, nimepata kostiki (haidroksidi ya sodiamu), potashi (haidroksidi ya potasiamu), gliserini na asidi ya steariki, ambayo ni asidi ya mafuta iliyo ngumu kama nta. Muuzaji alidhani natengeneza mishumaa. Nilipomwambia ni ya ndevu alinitazama kidevu, akapima kilo bila neno lingine.

Sabuni za kunyolea zinafanana sana ukizichungulia: steariki nyingi kwa ajili ya povu zito linalodumu, nazi kwa ajili ya povu kuja haraka, na potashi kuchanganywa na kostiki ili sabuni isiwe ngumu kama ya kufulia. Nilianza na nusu steariki, theluthi nazi, na kilichobaki mafuta ya nyonyo.

Mambo matatu kwa atakayejaribu. Kostiki na potashi ndizo zinazomiminwa kwenye maji, kamwe si maji juu yake, na vaa miwani na glavu, watoto wakae mbali. Usitumie sufuria zetu za kawaida: ni za alumini, kostiki inaila na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Tumia ya stili isiyoshika kutu. La tatu ni hesabu. Gramu 100 za nazi zinakula takribani gramu 25.7 za potashi safi, steariki takribani 19.8, na potashi ya dukani kwa kawaida ina usafi wa kama asilimia 90 tu. Ukibadilisha mafuta bila kupiga hesabu upya unajipikia kitu cha kuchubua uso.

Steariki haina subira. Inayeyuka kwenye nyuzi 69 hivi, na ikigusana na potashi inashika papo hapo, mwiko unasimama, unasonga kama ugali wa watu kumi. Nimeimalizia kwenye moto mdogo, juu ya sufuria ya maji.

Matokeo: kwa maji ya mvua ni sabuni bora kuliko ile niliyoagiza. Kwa maji ya kisima, utando. Nilitarajia, kwa sababu steariki inaungana na kalsiamu kwa furaha.

Juni

Kusi limeanza kuvuma. Sabuni inakauka vizuri sasa. Hakuna jipya.

Julai

Kuna jambo mabaharia wanalijua: sabuni ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya bahari. Asidi kuu ya nazi, loriki, ina mnyororo mfupi, na sabuni yake inaendelea kuyeyuka pale ambapo chumvi imezifukuza nyingine. Sisi watu wa pwani tumekalia nazi, halafu tunaagiza sabuni iliyotengenezwa kwa maji ya Ulaya.

Mkupuo wa pili umekuwa nusu nazi, steariki imeshuka hadi kama theluthi. Povu lilikuja kwenye maji ya kisima kwa mara ya kwanza, jingi, la mapovu makubwa. Furaha ilikuwa fupi. Mapovu makubwa yanapasuka, na nazi ikizidi inakausha ngozi. Jioni mashavu yalikuwa yamekaza. Nilipunguza potashi ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka sabuni, nikaongeza gliserini. Kukaza kumepungua, povu bado halina uzito.

Nipo katikati, basi: steariki inataka maji laini, yaani yenye kalsiamu kidogo, nazi inakubali maji yoyote lakini haikai.

Agosti, brashi

Nimeiacha sabuni ikauke, nikaenda Mwenge kwa wachonga vinyago. Brashi niliyokuwa nayo ina mpini wa plastiki uliopasuka, na brashi nyingi za bei nafuu duniani ni za nywele za nguruwe, ambazo kwetu haziingii nyumbani. Nywele za sintetiki zimenirahisishia. Niliagiza fungu lake tupu, kipenyo milimita 24, nikatafuta mpini.

Fundi alinitolea kipande cha mpingo, kiini cheusi na ukanda wa njano pembeni. "Kaka, ni kishikio cha muhuri hiki?" Nilimwonyesha fungu la nywele, akalipuliza, akaligeuza, akacheka, akaanza kazi. Mpingo ni mti wa taifa, ndio wanaotengenezea klarineti huko nje, na ni mzito kuliko maji: kipande kilichobaki nilikitumbukiza kwenye ndoo yake, kikaenda chini moja kwa moja. Akakereza, akatoboa, akasugua kwa msasa hadi ukang'aa wenyewe. Sikutaka vanishi. Mpingo una mafuta yake, hivyo kabla ya kutia gundi ya epoksi tundu lilifutwa kwa spiriti, la sivyo nywele zingeng'oka siku moja na kubaki kidevuni.

Sintetiki ina faida nyingine kwa sisi wa maji magumu: hainywi maji, inayaachia yote kwenye sabuni. Naipigia moja kwa moja usoni sasa, bila bakuli. Maji yanatumika kidogo sana, na maji kidogo maana yake kalsiamu kidogo. Hilo peke yake limepunguza utando kuliko hesabu zangu za mafuta.

Kinyoleo nacho nakikausha. Vichwa vingi vya bei ya kati ni zamaki, aloi ya zinki iliyopakwa kromu, na chumvi ikipata upenyo kwenye kromu inachimba vishimo.

Septemba

Mkupuo wa tatu una asidi ya sitriki, ile ya unga wanayotumia watengeneza juisi. Ndani ya sabuni inageuka sitrati, na sitrati inaikamata kalsiamu kabla haijaigusa steariki. Inakula kostiki, takribani gramu 6 kwa kila gramu 10 za sitriki, kwa hiyo imeingia kwenye hesabu. Nazi asilimia 40, steariki 45, nyonyo iliyobaki.

Hii ndiyo. Kwa maji ya kisima, brashi iliyokung'utwa vizuri, povu linafunga mapovu madogo madogo hadi huoni ngozi, na nikimaliza upande wa kushoto upande wa kulia bado umelowa. Utando upo, mwembamba, unaoosheka kwa kidole. Nikishanyoa napitisha kipande cha shabu kilicholowa: pale inapochoma ndipo mkono ulipokandamiza. Kwa sasa inachoma chini ya taya la kulia tu, ambako ndevu zinalala kuelekea sikioni na mimi nazikata kushuka.

Kilichobaki ni harufu. Nilitia mafuta ya karafuu, matone tu, na shingo imelalamika. Karafuu ina eujenoli, na ngozi iliyotoka kunyolewa haiitaki. Mkupuo unaofuata hautakuwa na harufu yoyote. Kinyozi wangu wa Mji Mwema ameomba kipande, anasema kisima cha saluni yake kina chumvi kuliko chetu. Nimemwambia asubiri sabuni ikauke, na aandae maji yake kwenye chupa ya nusu lita.