Herufi za Leso Zimetulia

Jumapili jioni, wiki ya 11 tangu niugue.

Leo asubuhi herufi hazikucheza. Nilisimama hatua tatu kutoka ukutani, macho nimeyakaza kwenye M ya WEMA HAUOZI, maandishi ya leso (kanga) ya mama iliyobandikwa pale, nikageuza kichwa kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayekataa neno aliloambiwa. M ikakaa pale pale. Nikaongeza kasi. Ikakaa. Simu ilipolia kwamba dakika imekwisha sikuketi kama ilivyo kawaida yangu. Nilibaki nimesimama, mikono kifuani, machozi yananitoka, na mama akatokeza jikoni na mwiko mkononi.

"Kisunzi kimekurudia?"

"La, mama. Imetulia."

Hakuelewa upesi ni nini kilichotulia. Nikamwonyesha leso.

Wateja wa duka langu la ushonaji, Biashara Street, Nairobi, wamekuwa wakiniuliza nilipotelea wapi, nami huwajibu kwamba niliugua sikio. Mtu akisikia sikio hufikiria usaha na pamba. Basi leo niandike jibu refu, la kizunguzungu kilichotoka ndani ya sikio, maana nimechoka na lile fupi.

Ilianza Jumanne alfajiri, siku chache baada ya mafua makali. Niligeuka kitandani nichukue simu, chumba kikazunguka kama pia. Kabati likapita, dirisha likapita, kabati tena. Nilifumba macho na mzunguko ukaendelea gizani. Nilitambaa kwa magoti hadi bafuni, bega likikwaruza ukuta ili nijue ukuta uko wapi, nikatapika mpaka tumboni hakukubaki kitu. Jirani wa mlango wa pili alinikuta saa moja unusu, shavu langu limelala sakafuni, kwa kuwa ule ubaridi wa vigae ndicho kitu pekee nilichoweza kukiamini.

Kwenye zahanati ya mtaani niliambiwa ni malaria. Nikatundikiwa maji, nikapewa dawa, na hakuna aliyenitoa hata tone la damu kupima. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, malaria si ugonjwa wake wa kila siku, na mimi sikuwa nimesafiri kwenda Pwani wala Kisumu mwaka mzima. Jambo hilo linaniuma bado. Pesa nimezisamehe. Siku mbili nilizolala nikidhani nakufa, na hakuna anayejua jina la kinachoniua, hizo sijaweza kuzisamehe.

Nalilaumu na neno lenyewe. Ukisema una kizunguzungu, huyu husikia njaa, yule presha, mwingine upungufu wa damu, mwingine mimba. Neno hilo moja hubeba giza linalokuja ukiinuka ghafla, hubeba unyonge wa aliyefunga, hubeba na hili langu. Daktari wa masikio, pua na koo niliyepelekwa kwake siku ya tatu ndiye wa kwanza kulipasua. Aliuliza, "Dada, ni wewe unayehisi mwepesi kichwani, ama ni vitu vinavyokuzunguka?" Nikasema ni vitu. Akauliza kama nasikia vizuri kwa masikio yote mawili. Nasikia. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniambia nimtazame puani nisibanduke, kisha akakigeuza ghafla, kidogo tu. Kuelekea kushoto macho yangu yalibaki puani pake. Kuelekea kulia yaliponyoka pamoja na kichwa, halafu yakaruka kurudi. Mimi mwenyewe niliusikia ule mruko.

"Ni hapa," akasema, akagusa nyuma ya sikio langu la kulia.

Alinieleza kwa subira, na maelezo yake ndiyo yaliyonishusha moyo mahali pake. Ndani kabisa ya kila sikio mna mirija mitatu ya nusu duara yenye majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji huchelewa kidogo kukifuata, vinyweleo vidogo sana vinapinda, na habari inapanda ubongoni kupitia neva. Masikio yote mawili hupeleka habari wakati wote, hata ukiwa umetulia tuli, na ubongo huzipima kama mizani. Virusi vikiivimbisha neva ya upande mmoja, upande huo unanyamaza. Ubongo unasikia sikio moja tu linalopiga kelele, nao unaamua kwamba unageuka, ingawa umelala. Kwa hiyo macho yanakimbizana na mzunguko usiokuwepo. Kusikia hakuguswi, kwa sababu sauti zina neva yake jirani. Kusikia kungepungua, alisema, angefikiria ugonjwa mwingine.

Kabla ya yote hayo alikuwa amechunguza kama ni kiharusi. Hili naliandika kwa uzito: kizunguzungu kikija ghafla pamoja na uso kupinda, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwiliviwili, maumivu makali ya kichwa au kushindwa kabisa kusimama, msingoje kukuche wala msinunue dawa dukani. Mtu apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Nilipewa tembe za kutuliza kizunguzungu na kutapika, za siku tatu tu. Nilimwomba zaidi. Akakataa. Zinautia ubongo usingizi, alisema, na wakati huo ubongo wako una kazi ya kujifunza. Neva ile huenda ikarudi yote, huenda ikarudi nusu, huenda isirudi. Ubongo unaweza kujifunza kuishi na chochote kitakachobaki, ila haujifunzi mtu akiwa amelala.

Nami nilikwenda nyumbani, South B, nikalala. Karibu wiki mbili. Nikilala chali, mto mmoja, kichwa hakisogei, dunia ilikuwa karibu kutulia, na baada ya yale niliyoyaona sikuwa na hamu ya kitu kingine. Mama alipanda treni kutoka Mombasa akaja kuniuguza. Yeye hukiita kisunzi. Alinifunika, akanipikia uji wa mchele, akanikataza kuinuka hata kwenda dirishani. "Mgonjwa hulazwa, mwanangu, hachezeshwi." Lilikuwa pendo tupu, na lilikuwa linanichelewesha. Namna ya kumwambia hivyo mzazi aliyekesha akikushika mkono sikuijua.

Wiki ya tatu nilirudi hospitalini kwa kipimo cha maji. Unalazwa, kichwa kimeinuliwa kidogo, sikio linatiwa maji ya nyuzi 30, baadaye ya nyuzi 44, sikio moja baada ya jingine, huku macho yakipimwa. Sikio la kushoto lilipotiwa maji, chumba kilizunguka vibaya. Nikajikaza kungoja la kulia. Maji yakaingia, nikangoja. Hakuna. Kama wamemwagia jiwe. Niliuogopa ukimya ule kuliko nilivyouogopa mzunguko, kwa maana sasa niliujua msiba wangu kwa mpaka wake.

Kipimo hicho kilitokana na kazi ya daktari wa Vienna, Robert Bárány, aliyeona kwamba maji ya baridi na ya moto sikioni huwazungusha wagonjwa kwa pande tofauti. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari zikamkuta kambini Urusi, mfungwa wa vita. Nilimfikiria sana usiku ule.

Siku ile ndipo mama alipoandamana nami kwa fiziotherapisti, mtaalamu wa tiba ya mazoezi, dada mmoja mpole mwenye sauti ya mwalimu. Hakunihutubia mimi, alimgeukia mama. "Mama, huyu akilala, ubongo wake hauoni kosa. Usipoona kosa hausahihishi. Inabidi ahisi kizunguzungu kidogo kila siku, kwa makusudi." Akatueleza kwamba mazoezi haya yana asili yake Uingereza, miaka ya 1940, kwa Cawthorne na Cooksey, waliokuwa wakiwatibu askari walioumia kichwani na wakaona kwamba wanaochangamka mapema ndio wanaorudi sawa upesi. Macho kwanza, kisha kichwa, kisha mwili, kwanza umeketi, baadaye umesimama, mwishowe unatembea. Kurusha mpira mkono hadi mkono juu ya usawa wa macho. Kukaa na kusimama macho yamefumbwa. Na lile kubwa: bandika herufi ukutani, ikazie macho, geuza kichwa. Herufi itacheza. Endelea.

Mama hakusema neno njia nzima. Tulipofika nyumbani alifungua mkoba wake akatoa leso nyekundu na nyeupe, akaibandika ukutani kwa pini nne, usawa wa macho yangu. "Herufi hizi hapa. Kubwa, hata mimi naziona bila miwani." Kuanzia hapo akawa yeye ndiye msimamizi. Mara tano kwa siku. Hakuna uji kabla ya zoezi la asubuhi. Mpira hatukuwa nao, tukarusha chungwa.

Mwanzoni maandishi yote ya leso yalitetemeka kama kitu kilichomo ndani ya maji yanayochemka. Sekunde kumi na tano nikawa nimelowa jasho, natafuta pa kushika. Ni vigumu kumweleza ambaye hajapitia: unachukua kile kitu ulichokikimbia kwa roho yako yote, unajipimia kijiko kimoja, unakimeza, na baada ya saa tatu unarudia. Niliamka siku nyingi nikamwambia mama leo siwezi. Alikuwa akisimama kando ya leso, kimya, mpaka niinuke.

Wiki ya tano nilirudi dukani, na hapo nikapigwa na jambo ambalo sikulitarajia. Vitenge. Miaka yote nimeishi katikati ya vitenge. Siku ile niliingia, majora yamesimama ukuta kwa ukuta, miduara, mikia ya tausi, zigizaga za manjano na buluu, na vyote vikaanza kutembea. Nilishika meza ya kukatia nikafumba macho. Fiziotherapisti aliniambia ndivyo inavyokuwa: sikio likikosa kuaminika, ubongo unaegemea macho kupita kiasi, basi michoro, umati wa watu, rafu za supamaketi, hata maandishi yanayopanda kwenye simu, vyote vinausukuma.

Nilitaka kuuza majora. Nasema kweli, nilikuwa nimeshamtaja mnunuzi. Lakini usiku ule nikawaza: kama herufi moja ukutani ni dawa, haya majora ni duka zima la dawa, ila siwezi kunywa chupa zote kwa mara moja. Nikaomba kazi ya sare za shule, buluu tupu, nikashona buluu kwa wiki moja. Kisha shati za mistari myembamba. Kisha leso, zenye pindo na nafasi katikati ya kupumzisha jicho. Kisha kitenge cha maua makubwa, mita moja, dakika kumi, napumzika nikitazama mlango. Msaidizi wangu alijifunza kuniuliza, "Anti, leo tuko maua gani?" Nilipomweleza fiziotherapisti aliandika kitu kwenye faili yangu, akasema niendelee hivyo hivyo. Hakuna aliyenifundisha mpango huo. Ni kazi yangu iliyonifundisha, na naionea fahari.

Barabarani ilikuwa mbaya zaidi. Matatu za South B hupita Mombasa Road chini ya Expressway, ile barabara ya juu, na nguzo zake zikipita dirishani moja baada ya nyingine, nguzo, mwanga, nguzo, mwanga, nilikuwa nashuka nikipepesuka. Asubuhi moja konda aliniuliza, kwa sauti ya kusikiwa na steji nzima, kama nimeanza kunywa kabla ya saa tatu. Sikumjibu. Ugonjwa huu hauna bandeji wala mkongojo. Uso wangu ni ule ule, naongea vizuri, basi watu hukosa pa kuiweka huruma yao. Niliporudi nyumbani nilimweleza mama, naye akaniambia kesho twende wote. Tulipanda pamoja siku nne, nimekaa katikati, yeye dirishani akizificha nguzo kwa mtandio wake.

Wiki ya nane nilianguka tena. Mafua mengine, usiku tatu bila usingizi kwa kazi ya harusi, na asubuhi herufi zikacheza kama siku ya kwanza. Nililia kwa hasira. Niliambiwa kwamba neva haikuwa imeumia upya, bali ubongo uliochoka huachilia kidogo ule mzigo uliojifunza kuubeba. Siku mbili, tatu, ukarudi. Ilikuwa kweli, ila hofu haikuondoka pamoja na kisunzi. Hofu naiona ni ugonjwa wa pili, na huo nao nautolea jasho lake. Nikigeuka kitandani bado nageuka polepole, nasikiliza.

Sijapona yote. Stima zikipotea usiku nasimama nilipo mpaka nipate ukuta, maana bila macho sikio la kushoto peke yake halinitoshi bado. Nikigeuka kulia kwa ghafla kuna kitu kinachelewa, kama mtu anayenifuata nyuma kwa nusu hatua.

Mama anarudi Mombasa Jumanne. Jioni hii nimemwambia achukue leso yake. Ameishika pembe, akatazama matundu ya pini, akasema ibaki. Nimeibandua hata hivyo, nikafue na kutia pindo jipya pale ilipochanika, kisha nitairudisha ukutani.

Dukani kuna jora moja sijalishusha rafuni tangu niugue, la miduara midogo myeusi na myeupe, limejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Kuna mteja anataka dera la kitambaa hicho, ameniuliza mara mbili, nami nilikuwa nikimwambia kimekwisha. Leo saa kumi nimempigia nikamwambia kipo. Aje kupimwa Alhamisi.