Nilivyozoea kujitoa mkojo kwa mpira

Nilianguka kutoka kwenye mparachichi wa baba mdogo, Kibosho. Uti wa mgongo uliumia usawa wa kiuno, na kibofu kikaacha kuniambia kimejaa. Kabla sijaruhusiwa, sista wa wodini alinifundisha kujitoa mwenyewe: unaingiza mpira mwembamba (katheta) kwenye njia ya mkojo hadi kibofuni, mkojo unaisha, unauchomoa, unaendelea na shughuli zako. Mara nne hadi sita kwa siku.

Nyumbani, mtaa wa Pasua mjini Moshi, nikaigeuza ibada. Glovu, maji ya kuchemsha, dawa ya vidonda, mama akifukuza watoto mlangoni. Ilinila karibu saa nzima, kwa hiyo nikaanza kuruka zamu, na maji ya kunywa nikapunguza ili kibofu kisijae upesi. Nilijiona mjanja kweli.

Ikaja sendofu ya binamu, Machame. Choo kiko nje, foleni ndefu, kitimwendo hakipiti mlangoni. Nikakaa tangu asubuhi mpaka usiku bila kutoa. Usiku ule nilitetemeka chini ya mablanketi mawili, na mkojo ulitoka kama maji yaliyooshewa mchele.

Kliniki sista hakugusia glovu. Aliuliza tu, "Kaka, jana ulitoa saa ngapi na saa ngapi?" Nikahesabu: mara mbili. Akanieleza kwamba kibofu kikitanuka kupita kiasi kuta zake hukosa damu ya kutosha, na mkojo uliolala ndani hulea vijidudu. Ndiyo maana Jack Lapides, daktari wa Marekani aliyeitangaza njia hii mwaka 1972, alitilia mkazo ratiba na usafi wa kawaida, si usafi wa chumba cha upasuaji.

Sasa simu hulia kila baada ya saa nne au tano. Natolea kwenye chupa niliyoichora alama. Mkojo ukizidi mililita 500 najua nimechelewa. Maji nakunywa lita moja na nusu hadi mbili, jioni kidogo tu. Nanawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, nasafisha uume, napaka mpira jeli ya maji. Muuza duka mmoja aliwahi kunipa mafuta ya mgando, eti "yanateleza vilevile". Hayayeyuki kwenye maji, na huweza kuharibu mpira wenyewe.

Uume nauinua kuelekea tumboni, njia inyooke. Karibu na mlango wa kibofu mpira hugoma. Hapo ndipo nilipowahi kulazimisha nikaona damu. Siku hizi naacha kusukuma, navuta pumzi ndefu, nakohoa kidogo, unapita wenyewe. Mkojo ukianza nasukuma sentimita mbili tatu zaidi. Wakati wa kuchomoa naenda taratibu, ukidondoka tena nasubiri.

Mpira wa kutumia mara moja ndio bora, lakini mfuko wangu haumudu kila siku. Kwa ruhusa ya sista naosha wangu ndani na nje kwa sabuni, nasuuza, nautundika ukauke, nauhifadhi kwenye kopo safi. Ukikakamaa, natupa. Harufu peke yake hainikimbizi tena kununua antibaiotiki. Homa, kutetemeka, damu au mpira kukataa kabisa, hizo ni safari ya hospitali.

Harusi iliyofuata, simu ililia katikati ya hotuba ya mshenga. Shangazi akanisukuma hadi chumbani kwake, akafunga mlango, akasimama nje kama mlinzi wa benki. Nilirudi mshenga bado anashukuru kamati.