Kutoka kuandika tamthilia hadi ukocha wa biashara

Wapo waandishi wa televisheni Uingereza waliogeukia ukocha wa biashara, yaani kumsaidia mfanyabiashara kwa maswali hadi aone njia yake mwenyewe, na kwa mwandishi wa Mombasa pia njia hiyo inapitika. Ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja hewani, kwa hiyo mwandishi amezoea kukata lisilosogeza kisa.

Ukikaa na muuza leso wa Biashara Street, muulize kama unavyomuuliza mhusika: wataka nini, kipi chakuzuia, ukikosa utapoteza nini? "Nataka biashara ikue" si jibu. Livute hadi lihesabike: jozi 20 zaidi kwa wiki kabla ya Idi. John Whitmore, dereva Mwingereza wa mbio za magari aliyegeuka kocha, aliueneza kwa kitabu cha 1992 mpango wa GROW, jina linalotokana na herufi za kwanza za hatua zake nne kwa Kiingereza: lengo, hali halisi, njia zilizopo, utakachofanya.

Wengi huharibikiwa kwenye hatua ya tatu, ya njia zilizopo. Mwandishi amezoea kumtungia mhusika maneno, basi humtungia mteja suluhisho; mteja huitikia kwa heshima, kisha hafanyi kitu. Uliza, halafu nyamaza, hata kimya kikikukera.

Malipo yaende kwa awamu, kama ya skripti: nusu kabla ya kikao cha kwanza, kwa maandishi.