Uyoga unaowanyima wenzake pumzi

Tangu asubuhi nawaza juu ya kauyoga kanakoota Ulaya kwenye matunda ya msonobari yaliyodondoka, Strobilurus tenacellus. Tunda lile ni chakula kidogo na kuvu zinazoligombea ni nyingi, kwa hiyo wenyewe unatoa sumu. Mwaka 1977 Timm Anke na Wolfgang Steglich, Wajerumani, waliitangaza sumu hiyo: strobilurini. Inaingia kwenye mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli za kuvu jirani, inabana protini iitwayo saitokromu b, nishati inakatika. Saitokromu b ya uyoga wenyewe imetofautiana kidogo palepale sumu inaponasa, ndiyo maana haujiui. Hapo nilisoma mara mbili.

Ila unaitengenezaje? Uyoga wa porini ni mgumu kuuchezea jeni zake. Basi watafiti wakazihamishia jeni za kutengeneza sumu hiyo kwa Aspergillus oryzae, ule ukungu wa koji ambao Wajapani huchachushia soya na mchele, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Koji haina strobilurini yake, kwa hiyo ikionekana humo, imeletwa na jeni za mgeni. Unatia jeni kadhaa, unapima kilichotoka, unaongeza nyingine, unapima tena, kama mpishi anayeonja mchuzi kila akitia kiungo. Ndivyo ilivyojulikana kwamba kazi inaanzia kwenye fenilalanini, mojawapo ya asidi amino, yale matofali ya protini, na kwamba kuna kimeng'enya kimoja kinachoupangua mnyororo na kuupanga upya mpaka inapatikana ile sehemu inayoua. Watu wataisifu sumu. Mimi naihusudu koji, imebebeshwa kazi ya mwingine na ikaifanya.

Strobilurini asilia haivumilii jua, viwanda vikaibuni upya, na mwaka 1996 azoksistrobini, dawa ya kuua kuvu za mazao, ikaingia sokoni. Leo iko kwenye maduka yetu ya pembejeo, wakulima wa nyanya wanapigia ugonjwa wa bakajani. Kuvu nazo hazikulala. Asidi amino moja tu ikibadilika kwenye saitokromu b, glisini ya nafasi ya 143 ikawa alanini, dawa haifui dafu. Kufikia 1998 ukungu wa ngano huko Ujerumani ulikuwa umeshaonyesha usugu.

Jioni nimempigia shemeji, mwenye nyanya zake, nikamsihi asirudie kundi moja la dawa msimu mzima.

"Mbona nabadilisha, shemeji," akasema. "Nina chupa tatu hapa, kila moja na jina lake."

Nikamwomba anisomee yale maandishi madogo ya chini. Zote tatu, azoksistrobini.